Safu ya RAID ikiyumba: soma dalili kabla ya kuchomoa diski

Simu za namna hii huja asubuhi, baada ya usiku wa radi ziwani. Umeme umekatika na kurudi mara tatu, jenereta imechelewa kuwaka, na mhasibu akifungua ofisi anakuta seva inapiga mlio usiokoma. Anamwita fundi. Fundi anafika, anaona taa nyekundu kwenye trei, anachomoa diski na kuweka mpya. Kwa niliyoyaona katika kazi hii hapa Mwanza, data nyingi haipotei pale diski inapokufa. Inapotea ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya fundi kufika.

Ninawaandikia mafundi wenzangu wanaotunza seva ndogo: za wakala wa mizigo, zahanati, saccos, shule, wanunuzi wa samaki. RAID ni diski kadhaa zinazofanya kazi pamoja kama moja; kundi hilo tunaliita safu. Mifano ni ya RAID ya programu kwenye Linux, ile inayosimamiwa na programu ya mdadm, kwa sababu ndiyo ninayoishika kila siku. Ukiwa na kontrola ya RAID (kadi inayosimamia diski) au boksi la hifadhi la mtandaoni, amri zitabadilika lakini namna ya kufikiri ni ileile.

Tuanze na kile RAID inachokijua na kisichokijua, maana dalili zote zinarudi hapo. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipendekeza diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya gharama. Diski zikiwa nyingi, kufa kwa moja ni jambo la kutarajiwa, kwa hiyo lazima pawe na ziada. RAID 1 inaweka nakala ileile kwenye diski mbili. RAID 5 inaweka pariti: chukua diski tatu zenye 1, 0 na 1, kisha andika mahali pa nne tarakimu itakayofanya idadi ya moja iwe shufwa, yaani 0. Diski ya kwanza ikifa, unabaki na 0, 1 na 0, na unajua pengo lazima liwe 1.

Sasa itazame hesabu hiyo kwa makini. Inaweza kuirudisha diski ambayo haipo, mradi ijue ni ipi haipo. Diski zote zikiwepo na moja ikasema uongo, RAID 5 itaona tu kwamba hesabu haikubali, na haitaweza kukuonyesha mwongo ni nani. RAID inaamini unachoiambia. Ukiiambia diski nzima ndiyo mbovu, itakubali. Ukiiambia pariti iliyochakaa ndiyo ya kweli, itakubali vilevile, na itaandika uongo huo kwa bidii usiku kucha.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, chomeka flashi na uhifadhi matokeo ya amri hizi nne:

`cat /proc/mdstat`
`mdadm --detail /dev/md0`
`mdadm --examine /dev/sd[a-d]1`
`smartctl -a /dev/sda` (rudia kwa kila diski)

Ongeza na logi ya kerneli, kiini cha Linux, kwa `dmesg`. Ni kazi ya dakika tano. Mambo yakiharibika mbele ya safari, hilo faili ndilo litakaloonyesha mpangilio wa diski ulivyokuwa.

Diski moja imetoka, seva bado inafanya kazi

Kwenye `/proc/mdstat` utaona kitu kama `[4/3] [UU_U]`. Kila U ni diski iliyopo, mstari wa chini ni pengo. Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote, na ndipo nilipoona makosa mengi zaidi.

Ofisi moja ya mizigo karibu na bandari ilikuwa na RAID 5 ya diski nne. Logi ilisema `sdc` imekufa. Kijana aliyetangulia kufika akahesabu trei kutoka kushoto, a, b, c, akachomoa ya tatu. Seva ikanyamaza. Herufi hizo hutolewa na kerneli kwa kadiri inavyozigundua diski wakati wa kuwaka, hazifuati mpangilio wa trei, na zinaweza kubadilika ukizima na kuwasha. Alikuwa ametoa diski nzima akaiacha mbovu ndani, na kwa RAID 5 diski mbili zikikosekana hakuna hesabu ya kuokoa kitu. Aliponipigia nilimwambia, “Mdogo wangu, usiguse kingine, ninakuja.” Kilichomwokoa ni kwamba alisikia. Tuliirudisha diski nzima na safu ikakubali kuunganishwa, kama nitakavyoeleza chini.

Diski hutambulika kwa namba yake ya utambulisho na si vinginevyo:

`lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL`

Siku ya kufunga seva, ninabandika karatasi ya gundi mbele ya kila trei yenye herufi nne za mwisho za namba hiyo. Kama umeikuta seva haina lebo, zisomeshe diski nzima moja baada ya nyingine kwa `dd if=/dev/sda of=/dev/null` na utazame taa ipi inapepesa. Isiyopepesa kwa amri yoyote ndiyo unayoitafuta.

Ukishajua diski ni ipi, usikimbilie kujenga upya. Toa nakala rudufu kwanza, hata kama ni ya mafaili muhimu tu kwenye diski ya nje. Sababu ni hii. Kujenga upya RAID 5 ya diski nne za terabaiti 4 kunalazimu kusoma diski tatu zilizobaki mwanzo hadi mwisho, yaani terabaiti 12. Diski nyingi za kompyuta za mezani zimeandikwa na watengenezaji wake kwamba zinaweza kushindwa kusoma sehemu moja katika kila biti 10¹⁴, ambazo ni kama terabaiti 12.5. Kwa vitendo diski nyingi zinafanya vizuri kuliko hivyo, lakini sitaki kulijua hilo nikiwa sina nakala. Diski ikiandika megabaiti 150 kwa sekunde, hizo terabaiti 4 zinachukua zaidi ya saa saba, na wafanyakazi wakiwa wanaitumia seva ni zaidi ya hapo sana. Saa zote hizo huna ziada yoyote.

Kama diski haijafa bali imeanza kuchoka, na una nafasi ya trei, kuna njia nzuri ambayo mafundi wengi hawaitumii. Acha ya zamani ndani, ingiza mpya kwa `--add`, kisha:

`mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdc1 --with /dev/sde1`

Data inanakiliwa kutoka diski inayochoka kwenda mpya huku safu ikiwa kamili. Sekta (kipande kidogo cha diski) isiyosomeka inajazwa kutoka kwa wenzake. Ile ya zamani inatolewa kazini pale tu mpya inapokuwa tayari.

Diski inatoka, unairudisha, baada ya siku mbili inatoka tena

Wengi hununua diski mpya hapa, na mpya nayo inatoka. Soma kwanza namba za SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe; ndizo `smartctl` inazoonyesha. Namba 5 inahesabu sekta zilizohamishwa, 197 sekta zinazosubiri, 198 zilizoshindikana kabisa. Hizi zikipanda, diski yenyewe inakufa, ibadilishe. Lakini kama hizo ni sifuri na namba 199 ndiyo inayopanda, kosa lipo njiani kati ya diski na ubao: kebo ya SATA, soketi yake, au ubao wa trei. Badilisha kebo, andika namba ya 199 ilivyo leo, uitazame tena baada ya wiki. Hairudi sifuri, kwa hiyo tafuta kama imeongezeka.

Kebo zetu zina maadui wa hapa hapa. Ofisi zilizo karibu na maji zina unyevu, na shaba ya soketi inapata kutu nyembamba ya kijani usiyoiona bila tochi. Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kufuata taa usiku. Niliwahi kufungua seva Igombe nikakuta chujio la feni limezibwa na tabaka lao, kavu, jepesi, linavunjika kwa kidole kama maganda ya karanga. Feni inazunguka, hewa haipiti, diski ya katikati inasoma nyuzi 58. Watengenezaji wengi huweka mwisho kwenye nyuzi 60 au zaidi kidogo; mimi sikubali zizidi 45. Tulisafisha chujio, tukahamisha taa ya nje iliyokuwa juu ya dirisha, na ile diski haikutoka tena.

Kama kebo ni nzima na joto ni la kawaida, angalia uvumilivu wa diski. Diski ya mezani ikikutana na sekta ngumu inaweza kuhangaika nayo kwa zaidi ya dakika nzima. Linux kwa kawaida inasubiri sekunde 30, ikichoka inaianzisha upya, na diski isiyojibu inatupwa nje ya safu ingawa ilikuwa na tatizo la sekta moja tu. Diski za seva zimepangwa kukata tamaa mapema, kama sekunde 7, ili RAID ijaze sekta hiyo kutoka kwa wenzake. Uliza:

`smartctl -l scterc /dev/sdb`

Ikijibu kwamba imezimwa, iwashe kwa `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb`, na uiweke amri hiyo kwenye hati ya kuwasha seva, kwa sababu diski nyingi husahau zikizimwa. Ikijibu kwamba haina uwezo huo kabisa, ongeza subira ya kerneli:

`echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout`

Umeme umerudi, seva imewaka, lakini safu haikubali

Kuandika kitu kimoja kwenye RAID 5 ni kuandika mara mbili: data kwenye diski moja, pariti kwenye nyingine. Umeme ukikatika katikati ya hayo mawili, data ni ya sasa na pariti ni ya zamani. Diski zote zikiwa zipo si msiba mkubwa: safu inapowaka inajua haikufungwa vizuri, inahesabu pariti upya. Msiba ni pale umeme unapokatika na diski moja ikafa hapohapo, jambo ambalo kwa radi za ukanda huu si la kubuni. Sasa pengo linajazwa kwa pariti ya zamani, na kinachotoka hakikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Ndiyo maana mdadm inakataa kuwasha safu yenye pengo ambayo haikufungwa vizuri. Inakupa nafasi ya kufikiri. Usiilazimishe kabla ya kunakili diski, na ukishaiwasha, ipachike (mount) kwa kusoma tu, ukague mfumo wa mafaili kwa `fsck -n`, ambayo inaangalia bila kurekebisha.

Kwenye kontrola za RAID kuna mtego wake. Zina kache, yaani kumbukumbu ya muda, yenye betri: kontrola inasema “nimeandika” wakati data bado ipo kwenye kache, ikitegemea betri iitunze umeme ukikatika. Betri ikichoka, kontrola nzuri inaacha mtindo huo na kuandika moja kwa moja kwenye diski. Watumiaji wanalalamika seva imekuwa nzito. Fundi anaingia kwenye mipangilio, anakuta chaguo la kutumia kache hata bila betri, analiwasha, kasi inarudi, anashukuriwa. Kuanzia siku hiyo kila umeme ukikatika kuna data iliyosemwa imeandikwa na haipo. Ukikuta chaguo hilo limewashwa, lizime leo na uagize betri.

Na UPS, ile betri ya dharura: ichomoe ukutani siku ya Jumamosi, watu wakiwa hawapo, uone inabaki dakika ngapi. Ile taa ya kijani haikuelezi chochote kuhusu betri ya miaka minne. Iunganishe na seva kwa waya wa USB ili seva ijizime yenyewe kwa utaratibu.

Mafaili yanafunguka, yaliyomo si yale

Hii ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu hakuna taa wala mlio. Mama mmoja anayenunua sangara mwaloni aliniita akiniambia, “Mwanangu, kompyuta inanidai.” Risiti ya mizani iliandika kilo 312. Faili la siku hiyo lilisema 712. Mvuvi yupo, risiti ipo, na karani anaapa hakubonyeza saba.

Nilikagua safu:

`echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`

na baada ya kumaliza,

`cat /sys/block/md0/md/mismatch_cnt`

Sifuri. Diski zote mbili za RAID 1 zilikubaliana kabisa kwamba ni 712. Nikatafakari zile herufi. Ndani ya kompyuta, tarakimu 3 huandikwa 00110011 na 7 huandikwa 00110111. Zinatofautiana kwa biti moja. Nikawasha memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha, asubuhi kipande kimoja cha RAM kilikuwa na mistari myekundu. Biti iligeuka ndani ya RAM kabla ya kufika kwenye diski, na RAID ikahifadhi kosa hilo kwa uaminifu, nakala mbili. Tulibadilisha RAM, tukaoanisha kila faili la miezi miwili na risiti za karatasi. Mvuvi na mama walimalizana vizuri.

Kwa hiyo ukikuta yaliyomo yamebadilika, anza na RAM. Kama seva yako inakubali RAM ya ECC, yenye uwezo wa kugundua na kusahihisha biti iliyogeuka, nunua hiyo.

Kama `mismatch_cnt` si sifuri, usikimbilie kuandika `repair`. Kwenye RAID 1, amri hiyo inachagua nakala moja na kuifunika nyingine, bila kujua ipi ni ya kweli. Kwenye RAID 5 inahesabu pariti upya na kuichukulia data kuwa sahihi. Soma SMART na logi kwanza, linganisha mafaili na nakala rudufu, kisha amua. Kwenye RAID 1 yenye eneo la swap (ambako Linux huhamishia kwa muda yaliyomo kwenye RAM), tofauti chache zinaweza kutokea bila madhara.

Makosa ya kimya si hadithi za mafundi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 41 na kukuta zaidi ya bloku 400,000 ambazo yaliyomo hayakulingana na hesabu yake ya uhakiki. Tiba yake ni mfumo unaoweka hesabu hiyo kwa kila bloku na kuihakiki kila inaposoma. Mfumo wa mafaili uitwao ZFS unafanya hivyo: ikiwa na nakala mbili inajua ipi ni ya kweli, inairekebisha nyingine na kukuandikia kwenye `zpool status`. Seva mpya ninazofunga sasa, kama zina RAM ya kutosha, ninaweka ZFS na kuamuru `zpool scrub` kila mwezi. Kwa yale yaliyoharibika ndani ya RAM kabla ya hesabu kufanywa, hata ZFS haina msaada.

Diski mbili au zaidi zimetoka kwa pamoja

Diski mbili kufa dakika moja ni nadra. Kinachozitoa pamoja mara nyingi ni kitu wanachokichangia: waya wa umeme, pawasaplai, ubao wa trei, kontrola. Zima, kaza, badilisha, washa. Kisha tazama mstari wa Events kwenye `mdadm --examine`. Kila diski ina hesabu yake ya matukio. Zikipishana kwa machache, kwa mfano 48211 na 48209, diski ilitoka muda mfupi tu, na

`mdadm --stop /dev/md0`
`mdadm --assemble --force /dev/md0 /dev/sd[a-d]1`

kwa kawaida itaunganisha. Diski yenye hesabu ya nyuma sana ilitoka zamani. Iache nje, data yake imechakaa, na ukiilazimisha utachanganya ya leo na ya mwezi uliopita.

Amri ambayo hupaswi kuiandika hapa ni `mdadm --create`. Najua kuna maelekezo mengi yanayoipendekeza. Inaandika kumbukumbu mpya juu ya zile za zamani, na ukikosea mpangilio wa diski au ukubwa wa vipande, safu inaanza kujijenga upya juu ya data yako.

Kujenga upya kumekwama katikati

Asilimia imeganda, na `dmesg` inaonyesha makosa ya kusoma kwenye diski uliyodhani ni nzima. Simamisha. Nunua diski yenye ukubwa uleule au zaidi na uinakili ile inayosumbua:

`ddrescue -f -d /dev/sdb /dev/sdf ramani.map`

Soma mara mbili kipi ni chanzo na kipi ni mapokeo kabla ya kubonyeza. Programu hii inachukua kwanza sehemu rahisi, kisha inarudia ngumu, na faili la ramani linakuruhusu kuendelea umeme ukikatika. Kisha toa ile ya zamani, weka nakala mahali pake, na uunganishe safu. Utapoteza zile sekta chache ambazo hazikusomeka. Ramani itakuonyesha ni zipi.

Kama kujenga upya hakujakwama ila kunakwenda kwa siku nyingi, angalia aina ya diski. Zile zinazoandika njia zake zikipandana kama vigae, SMR, zinazidiwa na uandishi mrefu usiopumzika. Kwa safu nunua CMR, ambazo njia zake hazipandani, na umwambie muuzaji akuandikie hivyo kwenye risiti.

Safu ilikuwa na pengo tangu zamani na hakuna aliyejua

Nimekuta zahanati ambayo diski ya kwanza ilitoka Machi na ya pili Septemba. Miezi sita safu ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja. Mdadm ilikuwa inatuma onyo kila mara, kwa barua pepe ya ndani ya seva, kwenye sanduku la root (msimamizi mkuu wa seva) ambalo halijawahi kufunguliwa.

Weka MAILADDR kwenye `mdadm.conf` iwe anwani ya mtu anayesoma, na hakikisha seva ina njia ya kutuma barua nje. Kisha andika:

`mdadm --monitor --scan --oneshot --test`

Kaa hapohapo mpaka simu ya mhasibu iite na mkaisome barua hiyo pamoja. Mwonyeshe neno DegradedArray (safu ina pengo) linavyoandikwa, mwambie akiliona akupigie siku hiyohiyo, na asiruhusu mtu achomoe chochote kabla hujafika.